Staringi Aliyebaki Matulo

Kisanduku kilipofika nilikifungua papo hapo, mbele ya wateja, nikatanguliza pua kabla ya mkono. Kilinuka plastiki mpya, ile harufu ya ndara ambazo hazijavaliwa bado. Nilikasirika. Nilikuwa nimemngoja huyu mtu kwa wiki nyingi, nikimfuatilia kwenye simu kila jioni, na sasa amefika akinuka duka. Staringi niliyemjua mimi, mdoli wangu wa utotoni, alinuka moshi wa kuni na mafuta ya taa.

Nikamtoa, na hasira ikageuka kitu kingine ambacho hadi leo sijakipatia jina. Kila kitu kilikuwa chake: suruali ya kijani iliyoumbwa pamoja na miguu, mshipi wa manjano, kovu dogo shavuni, magoti yanayokunjika, kiuno kinachozunguka. Lakini alikuwa na mikono miwili. Nilimgeuza huku na huku nikitafuta kosa. Nikampigia simu kijana wa Nairobi aliyeniuzia, ambaye huagiza wanasesere hawa wa kiume kutoka ng'ambo tangu walipoanza kutolewa upya, nikamwambia kwamba ameniletea mtu mwingine. Akanieleza kwa upole, kwa ile sauti ya kumtuliza mgonjwa, kwamba huyu amemiminwa kwa kalibu ileile ya zamani, na hakuna siku waliyowahi kutengeneza askari wa mkono mmoja.

"Madam," akasema, "yako ilikuwa imevunjika."

Basi nikakaa nyuma ya kaunta ya duka langu la dawa hapa Bungoma, mtu mzima na watoto wangu, nikiwa sielewi nimfanyeje. Maisha yangu yote nilimchukulia Staringi kuwa shujaa aliyeumbwa bila mkono wa kushoto. Nilikuwa hata nimemtungia vita alivyoupotezea. Kumbe ni mitumba tu.

Ni Baba aliyemleta nyumbani, kutoka kwa wauzaji wa nguo kuukuu pale Kitale. Tulikuwa tukiishi hukohuko mjini, mtaa wa Tuwan, chumba kimoja, na Baba alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mama alinung'unika kwamba huyo ni mdoli wa wavulana. Baba akasema kwamba wasichana ndio wanaohitaji askari zaidi, na mjadala ukafungwa. Jina nilimpa mimi. Mtaani kulikuwa na kibanda cha kuonyeshea video, na yule mtu wa kwenye sinema ambaye risasi humpita pembeni sisi tulimwita staringi. Kila mtoto wa Tuwan alijua kwamba staringi hafi. Kwa hiyo nilipolala na Staringi kifuani nililala bila wasiwasi wowote.

Halafu siku moja akaja mjomba kutoka Matulo, karibu na Webuye, ambako ndiko kwao Mama. Aliongea na Baba nje, akimwita shemeji kwa adabu zote, na Baba akawa anatazama viatu vyake. Mama akafunga nguo ndani ya leso. Nilidhani tunaenda kusalimia. Nilianza kuona mambo si mambo pale tulipokaa Matulo mpaka mahindi tuliyoyakuta yakiwa machanga yakavunwa.

Sikujua Kibukusu hata neno la kuombea maji, maana Baba alikuwa mtu wa Kitale asiye na lugha nyingine ila Kiswahili. Wazazi wake walikuwa vibarua katika shamba kubwa la watu, wakafia humo, na shamba likauzwa. Kwa ajili yangu Kukhu, nyanya yangu, alijikaza kusema Kiswahili. Kwa Kukhu, l na r zilikuwa ndugu wanaobadilishana shati. Ugali aliita ugari, redio akaiita ledio, na tukazoeana. Ila kuna jambo moja alilonieleza jikoni, nikiwa nimemuuliza kwa mara nyingine tutarudi lini kwa Baba.

"Babako hana mahali," akasema. "Siku atapata mahali, mtaludi."

Nilikuja kujua baadaye sana, nikiwa msichana mkubwa, kwamba Kukhu alikuwa akisema mahari. Baba hakuwa amepeleka hata ng'ombe mmoja kwa Mama, na Kuka, babu yangu, alikuwa amechoka kungoja, akaagiza binti yake arudi nyumbani na mtoto wake mpaka mwenye kuwataka aje kama watu wanavyokuja. Lakini mimi neno mahari sikuwa nimewahi kulisikia. Mahali nilipajua. Na maneno ya Kukhu yaliniingia sawasawa, kwa sababu yalifanana na yale niliyowahi kusikia majirani wa Tuwan wakinong'ona, kwamba yule fundi hana kwao.

Nilimhurumia Baba sana. Nilimwona akizunguka Kitale na chuma chake begani akitafuta pa kulala. Nyuma ya ghala la mahindi nikamjengea Staringi nyumba ya magunzi, yenye mlango na kitanda cha majani, nikawa kila jioni namwambia, wewe angalau umepata mahali. Usiku nilimleta ndani, nikamlaza kando ya kibatari cha Kukhu. Hapo ndipo alipopata ile harufu.

Baba alikuja asubuhi moja Kuka akiwa ameenda matanga ya jirani, na Mama akiwa shambani. Nilimwona kwenye njia, kando ya miwa, amevaa shati nisilolijua, nikaanza kukimbia, lakini alisimama palepale kwenye ua wa miiba ya kei-appo na hakuingia. Wakati huohuo Kukhu alijitupia leso kichwani, akaingia ndani na kuufunga mlango nusu. Sikuelewa. Nilidhani wamegombana. Sikujua kwamba mama mkwe na mkwe wake hawaonani uso kwa uso hivihivi, na kwamba huo uoga wote ulikuwa ni heshima. Matokeo yake ni kwamba walikuwepo watu wazima wawili wenye jambo zito la kuambiana, na katikati yao mimi, na Staringi kwapani.

Kukhu akaniita mlangoni. "Enda umuurize mahali iko wapi."

Nikakimbia hadi kwenye ua. Baba, Kukhu anauliza mahali iko wapi. Baba alinitazama, akatazama ule mlango uliofungwa nusu, kisha akatabasamu.

"Mwambie mahali iko. Iko Kibomet."

Nikarudi mbio. Kukhu alisikia hilo akajishika kiuno. Akanituma nikaulize ni kwa nani huko Kibomet, nami nikarudi na jibu kwamba ni kwa mzee mmoja wa kanisa, mtu mzuri, na maji yako karibu. Kukhu akaguna kwa furaha, akasema maji ndiyo kitu cha kwanza. Akaniuliza ni ngapi. Nikaenda kuuliza ni ngapi.

"Ni moja tu kwa sasa," Baba akasema, "lakini ni kubwa. Mwambie zingine zitakuja."

Nilipeleka maneno hayo kama nilivyopewa, bila kupunguza wala kuongeza, na Kukhu akapiga kigelegele humo ndani peke yake. Baba alikisikia kule uani, akavua kofia, akaiangalia, akaivaa tena. Akaniambia nimsalimie Mama, na kwamba tutaonana karibuni. Nilirudi jikoni nikiwa nimevimba kichwa, maana ni mimi niliyemsaidia Baba kupata mahali.

Mama aliporudi, Kukhu alimpa habari kwa Kibukusu, kwa haraka, akichora ukubwa hewani kwa mikono. Mama hakushangilia. Aliniita kando, akataka niyarudie maneno ya Baba neno kwa neno, nami nikayarudia. Akaziba mdomo kwa leso, na mabega yakaanza kumtikisika. Nilidhani analia. Nikamwambia asilie, iko karibu na maji. Hapo mabega yakatikisika zaidi, kisha akajifuta macho, akaenda kupika, na hakumwambia mtu chochote.

Safari ya Kibomet, kule Kitale, ilifanywa na Kuka, mjomba, Mama na mimi. Kukhu alitufungia kuku. Kuka alivaa koti lake la kijivu la kanisani, na mjomba alibeba kamba mpya ya katani ameizungusha begani. Nilifurahi sana kuiona ile kamba. Tuwan tulikuwa tukianika nguo juu ya ua, zikichanika, na sasa nikaona kwamba watu wa Matulo wamefikiria kila kitu, mpaka kamba ya nguo wametubebea.

Baba alitupokea barabarani. Akatuongoza hadi kwenye ploti ya vyumba vya kupanga ya yule mzee wa kanisa, akafungua kufuli ya chumba cha mwisho. Kilikuwa chumba kikubwa kweli, cha kuta za udongo zilizopigwa plasta, na dirisha moja. Bomba la maji lilikuwa hatua chache tu nje. Kitanda kilikuwepo, jiko, na vyuma vyake vya kazi kwenye pembe. Kuka aliingia, akasimama katikati, akapokea kiti lakini hakukikalia. Mjomba hakuingia. Nilimwona kupitia dirishani akizunguka nyuma ya nyumba na kamba yake, akachungulia upande wa choo, akarudi.

"Mahali iko wapi?" Kuka akauliza.

Baba akaupiga ukuta kwa kiganja, taratibu. "Si ndiyo hii, mzee. Karibu."

Kuka aliuangalia ukuta, akamwangalia Baba. Nilidhani Kuka hajaona vizuri kwa sababu ya giza la ndani, kwa hiyo nikafungua dirisha na kumweka Staringi pale kizingitini, atazame nje, ili Kuka aone kwamba hapa mtu anaweza kukaa. Mjomba alikuwa ameegemea mlango, na kamba imemteremka mpaka kiwikoni. Baba alikuwa anatazama tena viatu vyake. Ndipo Mama akavua vyake. Akachukua ufagio uliokuwa nyuma ya mlango, akainama, akaanza kufagia. Alifagia kutoka kwenye kitanda kuja mlangoni, alifagia kati ya miguu ya baba yake, naye ikabidi ainue mguu mmoja, kisha wa pili.

Kuka alimtazama binti yake akifagia, muda mrefu. Halafu akaenda dirishani, akamchukua Staringi, akamgeuza, akakigusa kile kiwiko kisicho na mkono. Akamtia katika mfuko wa koti la kijivu.

"Hii ni moja," akasema. "Zingine zitakuja."

Akatoka. Kama alikuwa akitania au alikuwa amekasirika, au vyote viwili, mimi sijui. Uso wa Kuka haukuwa na kawaida ya kueleza watu mambo. Mjomba akamtazama Baba, akamtazama Mama, akaitundika ile kamba kwenye msumari wa mlango, akamfuata mzee wake. Na kweli, kesho yake Mama aliianikia nguo.

Mimi nililia mpaka sauti ikaisha. Nilikuwa nimemwona babu yangu, mzee wa kanisa, akiiba mchana mbele ya watu, na wazazi wangu wakamwangalia tu, kisha wakashikana mikono na kucheka kwa namna ya watu waliochoka sana. Nilimwambia Mama twende Matulo tumchukue Staringi. Nikasema hivyo siku ile na siku nyingi baadaye, mpaka akanishika mabega akaninyamazisha. Mama alikuwa ameishi mjini na ulimi wake ulikuwa umenyooka, ila moyo ukichemka l na r zilimkimbia kama mama yake.

"Sikiriza. Ikiludi hiyo," akasema, "jua na mimi nimeludi."

Hilo nalo sikulielewa, lakini niliogopa. Nilielewa kwamba Mama na Staringi wamefungwa pamoja kwa jambo fulani, na kwamba mmoja akisogea, mwingine atasogea. Ng'ombe walienda Matulo kidogo kidogo, mwaka hata mwaka, mpaka Kuka mwenyewe akasema inatosha. Nikadhani sasa atanirudishia. Hakurudisha. Tukienda likizo nililiona lile koti limetundikwa kwenye msumari chumbani kwake, na mfuko mmoja umevimba. Sikuwahi kuingiza mkono. Nilikuwa nikipita karibu nalo nikiwa nimeshikilia mikono yangu nyuma, nisije nikamwachisha Mama ndoa kwa bahati mbaya.

Huo ndio utoto wangu ulivyonifundisha kutaka kitu. Nilikitaka, na papo hapo niliomba nisikipate.

Kuka alikufa, Kukhu akamfuata, na mjomba akarithi nyumba. Aliwahi kunipigia simu akifanya usafi, akaniambia koti liko, na mdoli yangu iko ndani yake, si nipitie niichukue. Nilikataa kabla hajamaliza. Nikamwambia aliache koti lilivyo. Alicheka kwamba nimesoma bure. Labda ni kweli. Nawauzia watu dawa, najua nini kinaponya na nini hakiponyi, lakini ile simu niliikata kabla hajaniaga.

Ndiyo sababu niliposikia kwamba wameanza kutoa upya wale wa zamani, nilirukia. Niliona nimepata njia ya kumpata Staringi bila kumrudisha. Sasa ninao rafu nzima, maana ukinunua mmoja wanakutumia picha za wenzake. Mume wangu huwaita wapangaji, huniuliza wanalipa lini. Watoto wangu walikatazwa kuwagusa, nao wanawagusa. Huyu wa mikono miwili nilimpaka hata mafuta ya taa kidogo, nikanusa, nikasikia aibu, nikamwosha kwa sabuni. Kumvunja mkono nilishindwa. Nilimshika kiwiko siku moja nikaanza kukunja upande usiokunjika, nikaacha.

Baba alifariki mwaka uliopita. Alikuwa ameshanunua kipande cha ardhi hukohuko Kibomet, mbele kidogo ya ile ploti ya kwanza, na ndiko tulikomzika, nyuma ya nyumba aliyoijenga mwenyewe. Nilisimama pale kaburini nikiwa na swali ambalo sikuwahi kumuuliza. Yule mtu alikuwa ameishi na Mama miaka mingapi kabla ya siku ile ya uani? Alikuwa hajui jinsi watu wa Matulo wanavyosema mahari? Nimemkumbuka akiutazama ule mlango uliofungwa nusu, kisha akitabasamu. Siku nyingine namwona mtu aliyeelewa vibaya, ameulizwa chumba akajibu chumba. Siku nyingine namwona mjanja kuliko wote, aliyejua kabisa anaulizwa ng'ombe. Sijui nampenda yupi zaidi, na hilo linanisumbua.

Mwezi uliopita Mama alikuja kwangu kutibiwa macho. Asubuhi nikiwa jikoni nilisikia ameita jina langu kwa sauti ya chini. Nikaenda sebuleni. Alikuwa amesimama mbele ya dirisha, leso imemteleza kichwani, anamtazama Staringi niliyemweka kizingitini, na uso wake ulikuwa umekwisha rangi.

"Nani ariludisha?" akasema.

Nilimwambia hapana, Mama, huyu ni mwingine, amenunuliwa juzi tu. Hakunisikia. Nilimchukua Staringi nikamtia mikononi mwake, nikamwambia ashike mwenyewe. Macho yake hayaoni vizuri lakini vidole viko sawa. Akampapasa kichwa, kifua, mkono wa kulia. Akaja kushoto, akateremka kutoka begani polepole mpaka kiwikoni, akasita, akaendelea, akakuta mkono, na ngumi, na vidole. Akavihesabu vile vidole kwa ukucha. Halafu akaketi kwenye kochi na kutoa pumzi.

"Hii si yangu," akasema.

Nikaketi kando yake. Nilijua kwamba kama siulizi siku hiyo sitauliza tena. Nikamuuliza kama siku ile uani, na mimi nikikimbia huku na huku, Baba alijua Kukhu anauliza nini. Mama alikuwa bado amemshika Staringi magotini, akimkunja goti na kulinyoosha.

"Babako," akasema, "alireta mahali."

Nililisikiliza lile neno. Niliona ng'ombe wakienda Matulo mmoja mmoja, na niliona nyumba ya Kibomet na kaburi nyuma yake. Nikamuuliza, "Gani, Mama? Ile ya ng'ombe ama ile ya kukaa?"

Alinitazama kama mtoto aliyeuliza swali la kitoto.

"Si hiyo hiyo," akasema, akaomba chai.